Kabla hujaiacha chapati, itazame sembe yako

Siku hizi Mbeya ukionekana unakula chapati mbili na maharage asubuhi, hukosi mtu wa kukuonya. Ngano inanata tumboni. Ngano inaleta kitambi. Ngano inaleta kisukari, bora ule ugali. Maneno hayo yanazunguka kwenye makundi ya simu, kwa watu wa tiba lishe, hata kwenye vibanda vya chai vya Kabwe na Mafiat, ambako mara nyingine anayeonya ana andazi mkononi. Yana ukweli ndani yake. Ninachopinga ni pale yanapoishia, kwamba ukiacha ngano ukarudi kwenye ugali mambo yamekwisha. Ugali tunaorudishwa kwao, kwa nyumba nyingi za mjini huku kwetu, ni wa sembe, unga wa mahindi yaliyokobolewa.

Tuanze na punje yenyewe. Takriban asilimia 83 ya punje ya ngano ni wanga wa katikati, wenye protini kiasi. Ganda la nje ni kama asilimia 14, na kiini kinachochipua ni asilimia mbili na kitu. Wanga umerundikana katikati, lakini sehemu kubwa ya madini ya chuma, zinki, magnesi, vitamini za kundi B na nyuzinyuzi imekaa kwenye ganda na kiini. Kwa karne nyingi watu walisaga vyote pamoja kwa jiwe, wakachekecha kidogo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mashine za rola, zilizopata umaarufu Hungaria, zikarahisisha kuvua ganda na kiini karibu chote. Leo kilo 100 za ngano hutoa kilo 70 hadi 75 za unga mweupe. Zinazobaki ni pumba, na pumba huuzwa kama chakula cha mifugo. Nguruwe na kuku wanapelekewa madini na vitamini, sisi tunabaki na wanga.

Tuhesabu kwa chapati. Kilo ya unga hutoa chapati kumi, kumi na mbili hivi, kulingana na mkono wa mpishi. Chapati mbili kwa hiyo zina unga wa gramu 170 au zaidi kidogo. Unga mweupe una nyuzinyuzi gramu tatu hivi kwa kila gramu 100, kwa hiyo chapati zako mbili zimekupa gramu tano. Kama unga ungekuwa wa ngano isiyokobolewa, zingekupa zaidi ya gramu 15. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Aliyekula za unga mweupe atalazimika kuzitafuta gramu 20 kwenye mlo wa mchana na wa usiku, na kama mchana ni sembe na usiku ni wali mweupe, hazipati.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi mkubwa wa tafiti za miaka mingi. Watu waliokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na vifo pungufu, na walipata magonjwa ya moyo, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana kwa kiwango cha chini, kwa asilimia 15 hadi 30, kuliko waliokula kidogo. Mwaka 2021 jarida la BMJ likatoa utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 130,000 katika nchi 21. Waliokula gramu 350 au zaidi kwa siku za vyakula vya nafaka iliyokobolewa, kama mkate mweupe, tambi na biskuti, walikuwa na hatari ya kufa kubwa kwa kama asilimia 27 kuliko waliokula chini ya gramu 50. Nafaka isiyokobolewa haikuonyesha madhara hayo. Tafiti za namna hii hufuatilia maisha ya watu, hazimpi kila mmoja mlo wa kupimiwa maabara, kwa hiyo zinaonyesha mwelekeo tu, hazikati shauri. Lakini mwelekeo ni uleule kila zinaporudiwa.

Anayesema ngano inaleta kisukari basi ana hoja, ila amekamata jina lisilo sahihi. Aseme nafaka iliyokobolewa. Na hapo ndipo sembe inapoingia.

Mahindi yakipita kwenye kinu cha kukoboa yanatendewa yaleyale: ganda linatoka, kiini chenye mafuta na vitamini kinatoka, unga unabaki mweupe kama chokaa. Tunaupenda hivyo. Ugali wa dona, wa mahindi yasiyokobolewa, ukiuweka mbele ya mgeni, baadhi ya wenyeji wataona umemdharau. Sasa mtu anaacha chapati ya asubuhi kwa sababu ya sukari, mchana anakula bonge la sembe lenye uzito wa chapati nne, na mboga iko kwenye kisosi. Mwili wake hauoni mabadiliko makubwa.

Kuna jambo jingine ambalo wapinzani wa ngano huwa hawaligusi, nalo linawaumiza kabisa. Tanzania ina kanuni za mwaka 2011 zinazowataka wasagaji wakubwa kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi: chuma, zinki, vitamini B12 na asidi ya foliki. Ngano nyingi tunayokula imesagwa kwenye viwanda vikubwa, ambako kanuni hiyo inashika. Sembe nyingi ya huku inatoka kwenye mashine za mitaani na vijijini. Baadhi zimefungwa vifaa vya kuongeza virutubishi, lakini ukienda kusagisha debe lako la mahindi, mara nyingi unarudi na mahindi yako tu, yaliyovuliwa ganda. Matokeo yake andazi linalosemwa vibaya linaweza kuwa na asidi ya foliki nyingi kuliko ugali wa heshima. Asidi hiyo hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, na mama anaihitaji kabla ya mimba na katika wiki nne za mwanzo, wakati wengi hawajajua kama ni wajawazito. Binti wa miaka ishirini anayeambiwa aache ngano zote ahamie sembe ya mashineni hajafanyiwa hisani.

Sitaki nisikike kama wakili wa andazi. Andazi lina kesi yake nitakayoifikia. Nasema tu kwamba mahindi nayo yana rekodi. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Hakuna aliyesimama akasema taifa liache mahindi. Tulisema yakaushwe vizuri, yahifadhiwe vizuri. Ngano inastahili kuchunguzwa kwa akili hiyohiyo.

Gluteni nitaipitia haraka, maana kelele zake ni kubwa kuliko uzito wake kwetu. Ni protini ya ngano, ndiyo inayofanya chapati ivutike. Kwa watu wenye ugonjwa wa siliaki gluteni huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, ndiye aliyethibitisha uhusiano huo na ngano katika miaka ya 1940. Wakati wa njaa ya vita mkate ulipoadimika, watoto wagonjwa walipata nafuu, na mkate uliporudi wakazidiwa tena. Duniani unakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya mia. Wapo pia wenye mzio wa ngano, na wapo ambao matumbo yao hujaa gesi tu. Kama unaharisha muda mrefu, unakonda, damu haipandi hata ukinywa dawa, nenda hospitali, na usiache ngano kabla ya kupimwa, kwa sababu kipimo cha damu hutafuta dalili ambazo hufifia ukishaacha. Wengine wote hakuna sababu ya kuiogopa gluteni. Ulezi, mahindi na mchele havina, na bado watu wanaokula hivyo tu wanaugua kisukari.

Kinachonikera mimi katika mjadala huu wote ni kwamba unazungumzia vitambi vya watu wazima wa mjini, wakati Nyanda zetu za Juu Kusini zina tatizo kubwa zaidi upande wa pili wa meza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Iringa ilikuwa asilimia 57, mkoa wa kwanza nchini. Njombe na Rukwa zote zilikuwa karibu nusu ya watoto. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Malori ya mahindi yanashuka Kitonga usiku na mchana, viazi vya Umalila na Njombe vinafika Dar es Salaam, maparachichi ya Rungwe yanapanda meli kwenda Ulaya, na mtoto wa mkulima anakuwa mfupi kuliko alivyopaswa kuwa.

Udumavu una sababu nyingi: magonjwa ya kuhara, maji, mama mjamzito anayelima hadi siku ya uchungu, mtoto anayeachwa na bibi asubuhi hadi jioni. Chakula ni sehemu yake, na hapa historia ya ngano ina somo zito kuliko la kitambi. Mwaka 1958 daktari Ananda Prasad, akiwa Shiraz nchini Iran, alionyeshwa kijana wa miaka 21 mwenye umbo la mtoto wa miaka kumi. Alikula karibu mkate tupu wa ngano usiotiwa hamira, nyama aliipata kwa nadra mno, na alikuwa anakula udongo. Prasad alikuta wengine wa namna yake, na baadaye, kwa kazi aliyoendelea nayo Misri, ikabainika kwamba walikuwa na upungufu wa zinki. Unga wao haukuwa mweupe kama wetu. Ulikuwa na zinki ndani yake, lakini ganda la nafaka lina faiteti, kitu kinachoshika zinki na chuma visifyonzwe, na udongo ukaongeza kushika.

Kwa hiyo hata wale wanaosema "kula ya brauni tu, umemaliza" nao hawajamaliza. Nafaka nzima ikiliwa yenyewe, kila siku, bila nyama, dagaa, maziwa wala mayai, inaweza kumnyima mtoto madini yaliyomo ndani yake mwenyewe. (Wanaouza udongo wa kula sokoni kwa wajawazito wasikie na hili.) Dawa yake inajulikana na wala si ya kigeni. Uchachu hupunguza faiteti. Kuotesha kimea hupunguza faiteti. Bibi zetu walioloweka nafaka na kuotesha kimea cha ulezi kwa ajili ya togwa hawakuwa na maabara, lakini walichokuwa wanafanya kina maana. Donge la mkate lililoachwa na hamira likaumuka kwa saa kadhaa limepunguziwa faiteti kuliko chapati iliyokandwa sasa hivi na kubandikwa jikoni papo hapo.

Rudi sasa kwa mtoto wa Kihesa, Iringa, au wa Uyole, Mbeya. Asubuhi chai ya rangi na andazi. Saa nne shuleni, andazi jingine au half keki kwa hela aliyopewa. Mchana sembe na mchuzi wa maharage, zaidi mchuzi. Jioni sembe. Ngano iliyomo humo haijamdhuru kwa sumu yoyote. Imechukua nafasi. Mahali palipokuwa na kiporo cha viazi na maharage, au uji wa ulezi wenye maziwa, au ndizi mbalaga kwa watu wa Rungwe, sasa pana kitu kitamu, cha bei ya sarafu, kinachonunuliwa bila kuwasha moto. Mama anayeondoka nyumbani alfajiri kwenda shambani au sokoni simlaumu; kuni na mkaa si bure, na muda wake ni mfupi kuliko wangu. Lakini tuitaje hasara kwa jina lake. Gramu 100 za ulezi zina kalisi miligramu 340 hivi, karibu mara kumi ya ngano hata isiyokobolewa, na ulezi unaota Ukinga na Ufipa bila kubembelezwa. Mwingi tunaupeleka kwenye pombe.

Na ile chai. Tunaishi kati ya mashamba ya Mufindi na ya Rungwe, chai ni yetu na baridi ya Juni haina mjadala. Lakini chai ina vitu vinavyozuia kwa kiasi kikubwa ufyonzwaji wa chuma kilichomo kwenye nafaka na maharage. Kile chuma kilichoongezwa kiwandani kwenye unga tunakimwagia chai mezani. Mtu mzima mwenye damu ya kutosha hatadhurika. Mwanamke mjamzito, msichana aliyebalehe na mtoto mdogo wangeinywa saa moja baada ya chakula badala ya kuitumia kuteremshia andazi. Wakipata chungwa au parachichi na pilipili hoho kwenye mlo, vitamini C husaidia chuma kiingie.

Mafuta sina haja ya kuyaeleza sana. Andazi hunyonya mafuta, na mafuta ya kikaangio yaliyochemka tangu Jumatatu yakageuka rangi ya kahawa kila mtu anayajua kwa harufu. Mkate una chumvi pia. Gramu 100 zake huwa na kama gramu moja, wakati kikomo cha siku nzima kwa mtu mzima ni chini ya gramu tano. Mwenye presha anayekula mkate mweupe asubuhi na jioni aihesabu. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 kisukari. Sidhani kama hali imepungua tangu hapo.

Je, ngano kila siku ni nzuri kwa afya? Jibu langu ni ndiyo kwa aina moja na hapana kwa nyingine, na bahati mbaya ile ya pili ndiyo iliyo rahisi kupatikana. Mlo mmoja kwa siku wa ngano isiyokobolewa, pamoja na maharage na mboga, ni chakula kizuri, na sioni sababu ya mtu mwenye tumbo lenye afya kuukimbia. Milo miwili ya unga mweupe, ikifuatwa na sembe, ni wanga uleule umebadilishiwa sahani.

Kinachochekesha ni kwamba ngano nzima tunayo karibu. Tanzania huagiza kutoka nje sehemu kubwa sana ya ngano yake, ndiyo maana vita vya Ukraine vya 2022 vilipopandisha bei duniani, chapati ya mama ntilie wa huku nayo ikapungua upana. Lakini Makete, Njombe na sehemu za Mbeya Vijijini wanalima ngano tangu zamani, hali ya hewa inaikubali, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kimekuwa kikitafiti mbegu zake. Sokoni Mwanjelwa punje hizo zinauzwa, na wanaozinunua wengi wanazipeleka kwenye uji wa lishe, zikisagwa pamoja na ulezi, soya, karanga, mchele na chochote kingine kilichokuwepo dukani. Wataalamu wa lishe wamekuwa wakisema mrundikano huo hauna faida, nafaka moja au mbili na jamii ya kunde zinatosha, na mimi nakubaliana nao. Ila ajabu ni kwamba ngano nzima tunampa mtoto wa miezi minane, akifika miaka mitatu tunamhamishia nyeupe.

Madukani kuna mkate wa brauni, na hapo nina neno la tahadhari: rangi pekee haithibitishi kitu, kwani mkate unaweza kupakwa rangi kwa sukari iliyounguzwa. Soma karatasi, kama kiungo cha kwanza si unga wa ngano nzima, umenunua rangi. Na hata mkate wa ngano nzima, unga wake ukisagwa laini sana, hupandisha sukari karibu sawa na mweupe, kwa hiyo mwenye kisukari asihesabu brauni kama ruhusa ya vipande sita. Afuatishe na maharage, yale ya njano yanatosha, apunguze idadi.

Njia nafuu zaidi ni ya mashineni. Nunua punje, chambua mawe, osha, anika zikauke kabisa, kisha mwambie mwenye mashine asage bila kukoboa, kama anavyosaga dona. Unga huo hauwezi kukaa miezi kama mweupe kwa sababu kiini kina mafuta yanayochacha, kwa hiyo saga wa wiki mbili tatu. Wiki za mwanzo changanya nusu kwa nusu na mweupe, ambao nao una virutubishi vilivyoongezwa, ili watoto wasigome. Maji utaongeza, kwa kuwa ganda linanyonya. Donge liache lipumzike nusu saa au zaidi kabla ya kusukuma, la sivyo chapati itakatika pembeni, na ukipata muda weka hamira kidogo jioni uliache hadi asubuhi. Mafuta paka juu tu.